Viatu Vyeupe Kansay

Nijicheke kwanza mwenyewe, maana mkinianza ninyi hamtamaliza. Kule kijijini Kansay sasa hivi naitwa Bwana Viatu, na jina nimejitafutia mwenyewe, siku ya kwenda kumposa Selina huko kwao, mchana kweupe, ukoo mzima ukiangalia.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Kila siku nashusha wageni Kreta, kule bondeni kwa wanyama, na kuwapandisha, matope nayajua, na Selina nilishamjaza maneno weee, kwamba mvua ikinyesha wenzangu wanapaki, mimi ndio naingia barabarani. Basi siku hiyo bosi kaniazima gari, nyuma kakaa shangazi na zawadi, mbele baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, na mvua inanyesha tangu alfajiri. Mimi nimepiga suti na viatu vyeupe pee (sijui shetani gani alinionyesha vile viatu).

Tulipoacha lami tu, baba mdogo akasema, "Baba, simama, shuka ufunge habu." Gari lenyewe ni la zamani, lina vile vidude kwenye magurudumu ya mbele, usiposhuka ukavizungusha kwa mkono, utavuta gia ya fowili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, mpaka mkono uchoke na ya mbele hayana habari. Nikaangalia chini, tope jekundu limejaa. Nikaangalia viatu.

"Haina haja, baba mdogo, ni hapo tu."

Tukaenda vizuri mpaka ule mteremko wa kwa kina Selina. Gari likaanza kuserereka, na mimi, dereva wa Kreta mimi, nikafanya kile kile ninachowakataza madereva wapya: nikakanyaga breki mpaka chini. Jamani! Gari likakaa mshazari, likawa linashuka lenyewe kama sabuni iliyoponyoka mkononi, nazungusha usukani wala hausikii, na getini namwona mama yake Selina katoka na kanga mpya anatupigia vigelegele. Vigelegele vikageuka mayowe. Tuliangaliana macho kwa macho, nikajua basi, nimeua mama mkwe.

Akajitupa mtaroni. Gari likapita pale pale alipokuwa amesimama, likaingia kwenye ua wa minyaa, likazima. Nyuma nasikia shangazi tu, "Yesu wangu, Yesu wangu." Nikaruka nje kumwinua mama, kiatu kimoja kikamezwa na tope, nikamfikia na soksi. Alikuwa mzima, katapakaa matope hadi kwenye kilemba, ananiangalia kama haamini ni mimi. Nililia, wala sifichi, nililia mbele za watu.

Baba yake Selina akaja taratibu, akauliza, "Imekuwaje?"

Nikafungua mdomo nisingizie utelezi. Baba mdogo, mshenga wangu, mtu aliyekuja kunisifia, hofu haijamtoka, akaropoka: "Nilimwambia ashuke afunge habu, kaogopa kuchafua viatu!"

Watu wote wakaangalia miguu yangu, mmoja mweupe, mmoja soksi. Selina akaangalia, akaingia ndani. Wanawake wakaangua kicheko. Mzee hakucheka hata kidogo.

"Leo posa hatuzungumzi," akasema. "Mtarudi. Ila mtarudi siku ya mvua, gari uendeshe wewe, na huyu mama mtamchukua kule kwenye lami, akae mbele na wewe mpaka hapa. Akifika mzima, tutaongea."

Nimenunua mabuti. Habu nafunga nikiwa bado kwenye lami, mteremko nashuka polepole na gia ndogo, na breki kwenye tope siigusi, naapa. Shida ni kwamba tangu siku ile mvua imekata, jua linawaka Karatu nzima, na kila asubuhi natoka kuangalia mawingu ya mlima Oldeani.

Jana Selina kapiga simu. Mama kasema yeye yuko tayari, mvua hata ikianza kesho atapanda. Anachouliza ni kimoja tu: siku hiyo nitavaa viatu gani?