Sanduku la Spana

Agosti 1986 tulimpoteza baba, fundi wa baiskeli pale Nyamasaria. Baada ya mazishi, jamaa waligawana nguo zake, kama ilivyo desturi yetu. Kisha baba mdogo akalishika sanduku la spana, lile lililokuwa likitulisha.

“Hili naenda nalo kwangu Kombewa. Hapa nani atalitumia?”

Mteja mmoja alikuwa amekuja kuchukua baiskeli yake, na gurudumu la nyuma lilikuwa bado limepinda. Mama alilifungua gurudumu hilo, akakaa nalo chini.

“Hebu nipe hiyo spana ndogo,” alimwambia baba mdogo.

Alikaza spoki moja, akalegeza nyingine, hadi gurudumu likazunguka bila kuyumba. Sikuwahi kumwona akigusa baiskeli, hata siku moja.

“Shemeji, nani alikufundisha?” baba mdogo aliuliza.

“Nilikuwa nampelekea chai kila siku. Ulidhani nilikuwa nafumba macho?”

Baba mdogo aliliweka sanduku chini taratibu, akaileta baiskeli yake mwenyewe.

“Basi angalia na hii. Breki hazishiki.”

“Ngoja kwanza nimfungie huyu gurudumu lake.”

Baba mdogo akaketi kusubiri.