Kipande cha Kadi Chini ya Uzi Mnene

Tangu asubuhi mpiga besi alikuwa amekaa kwenye kigoda, gita limemlalia mapajani, shingo imemkakamaa. Mkewe alimtazama kutoka jikoni, mtoto mgongoni. Wote watatu hawakuwa wamelala vizuri. Mtoto alikuwa anaota jino.

Kaka mkubwa wa mpiga besi, yule aliyemlea, ndiye mwimbaji wa bendi. Tangu augue kifua, sauti yake ilishuka na haikupanda tena, ikabidi nyimbo zote zishushwe zimfuate. Sasa nyuzi nyembamba za besi zikilegezwa kiasi hicho hupwaya, zikagonga shingo ya gita kama kamba ya nguo penye upepo. Kiongozi wa bendi hakumung'unya maneno: "Ikipwaya tena mazoezi ya leo jioni, nyimbo zinarudi kulekule juu. Kaka yako apumzike."

Ndiyo maana leo alikuwa anafunga nyuzi nene. Tatu zilikaa bila ubishi. Uzi wa nne, ulionenepa kuliko wenzake, ulikataa kuingia kwenye mfereji wake pale juu ya shingo. Akauchonga mfereji kwa tupa. Akachonga tena, na mkono uliochoka haujui pa kukomea. Uzi ukazama mno, na alipoupiga ukavuma kama nyuki ndani ya kopo.

"Nilikwambia kidogo kidogo," mkewe alisema.

"Uliniambia."

"Haya, yaliyomwagika yamemwagika. Unataka uzi uinuliwe kiasi gani?"

"Unene wa ukucha. Hata haufiki."

Mkewe akafungua begi la mtoto, akatoa kadi ya kliniki yenye jalada gumu, akakata pembe yake kwa mkasi.

"Nesi atakusema."

"Hunisema kila mwezi. Tumeshazoeana."

Kipande kikalazwa mferejini, uzi ukapanda juu yake. Mpiga besi alikuwa bado anaukaza uzi, kaka yake alipofika, akakaa kizingitini kwanza avute pumzi.

"Shemeji, huyu bwana yuko tayari?"

"Muulize mwenyewe."

"Hebu imba kidogo, kaka," mpiga besi alisema, bila kuinua macho.

Kaka mtu akaanza ubeti, chini kabisa, sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kutopanda. Besi ikamfuata. Haikupwaya, haikuvuma. Mkewe akaegemea ukuta, na mgongoni akahisi kichwa cha mtoto kikianguka pole pole, kikatulia.

Ubeti ukaisha.

"Mbona kimya? Nimekosea?" kaka mtu aliuliza.

"Endelea tu, shemeji," mkewe alinong'ona. "Amelala."