Pigo la Nane

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana nikianza sipendi kukatizwa. Hili sikulisikia kwa mtu. Lilinipata mie mwenyewe, mchana kweupe, saa nane na nusu, jua la Buguruni limesimama juu ya ua. Sikuwa nimeonja pombe na sikuwa na homa.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, ile miaka yake ya mwisho mwisho. Buguruni yenyewe ilikuwa minazi na nyumba za udongo, na ukitaka mji unakwenda kwa miguu. Mie ni mtu wa kusini. Nilisoma shule ya misheni, na huko mwalimu alitufundisha do-re-mi kwa fimbo. Ukikosea sauti, unachapwa. Ukikosea kuhesabu, unachapwa mara mbili. Nilipotoka pale niliweza kusoma wimbo wowote kwenye kitabu kabla sijausikia, na nikaja Dar es Salaam kufanya useremala nikiamini kwamba asiyejua noti hajui muziki. Nakwambia hili mapema ili ujue kiburi changu kilitoka wapi.

Nilipanga chumba kwa Bi Siwema, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua. Kila alfajiri alijitwika kapu lake akaenda kwa miguu mpaka Ilala, na jua likiwaka yuko njiani anarudi, kapu tupu, anaimba. Mie nilikuwa mpangaji tu, tena Mkristo katika nyumba ya Kiislamu, lakini aliniita mwanangu na hakuna siku niliyolala njaa.

Jioni nilipiga besi kwenye bendi ya watu sita. Besi ya siku zile ilikuwa sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo, na uzi mmoja. Wengi waliridhika nayo. Mie nikaitoa ile fimbo nikaweka shingo ya mninga niliyoichonga mwenyewe, nikaongeza uzi wa pili na wa tatu. Utumbo wa mbuzi ulikuwa unalegea mvua ikinyesha, nikaweka waya wa breki ya baiskeli, ukanichana vidole wiki tatu mpaka vikawa sugu. Nikatoboa tundu ubavuni, nikabandika ubao mwembamba kwa ndani ili sanduku lisikorome ovyo. Mwisho kabisa nikapigilia misumari midogo kwenye shingo: hapa do, hapa fa, hapa so.

Dominiki, kiongozi wetu, alipiga gitaa vizuri kuliko mtu yeyote mtaani na hakujua noti hata moja. Alipoiona ile misumari akaniuliza, "Kwani sikio lako limekufa mpaka uwekewe alama?"

Nikamwambia mtu asiyejua noti ni kama msafiri anayeulizia njia kila nyumba.

"Mie napenda kuulizia njia," akasema. "Nakaribishwa chai."

Tulibishana hivyo kila siku, na wala hatukugombana.

Sasa, Bi Siwema alikuwa na pepo. Hakumwita pepo, alimwita Mgeni. Alimrithi kwa mama yake, na alikuwa mpole, hakumsumbua, mradi mara moja kwa mwaka amchezeshe siku mbili pale uani. Alikaa kwenye mkeka, shuka jeupe kichwani, ubani unafuka, na Mzee Mbaruku anapiga ngoma kubwa. Mgeni akipanda, Bi Siwema aliinuka akacheza kwa miguu myepesi kama binti. Akiondoka Mgeni, mama anaamka amechangamka, na mwaka mzima unapita salama.

Mwaka wangu wa kwanza pale nilisikiliza ile ngoma nikiwa chumbani. Nilipenda mwendo wake, ulikuwa unashika kifuani. Lakini nilipouhesabu nikakuta mapigo saba, kisha unaanza upya. Saba. Nikahesabu tena, saba. Kwa niliyofundishwa mie, hicho kilikuwa kitu kilichokatika mkia. Dansi linataka nne, au nane.

Siku ya pili nikatoka nikamwuliza mzee mbele ya watu, "Mzee, mbona unakatisha? Hebu hesabu."

Akanitazama kwa upole. "Mie sihesabu, kijana. Nasubiri mpaka afike."

Nikacheka. Vijana wenzangu nao wakacheka. Nikamhesabia kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikamwonyesha pengo liko wapi. Mzee wa watu akainama, akawa anakaza kamba za ngoma yake. Mpaka leo nikikumbuka ule utosi wake ulioinama, naona haya.

Usiku ule ule niliyaandika yale mapigo kwenye daftari, nikaongeza la nane, zito, la uzi mnene. Nikayapeleka kwenye besi, Dominiki akaweka gitaa juu yake, na tukapata wimbo. Niamini, hatujawahi kupiga kitu kikapendwa vile. Watu walikuwa wakisikia besi inaanza wanaacha vinywaji mezani. Bendi nyingine zikauiga. Watoto waliupiga kwenye makopo, washonaji waliufuata kwa miguu kwenye vyerehani.

Jioni moja Bi Siwema aliniita. Hakunifokea, hakuwa mtu wa kufoka. "Mwanangu," akasema, "ule wimbo wenu. Ule mwendo si wa Mgeni wangu?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hapana, Mama. Wa Mgeni ni saba. Huu ni nane. Kwa noti ni vitu viwili tofauti kabisa."

Akaniamini. Nilikuwa mtu wa kusoma, kwa nini asiniamini?

Mwaka ukazunguka, siku za Mgeni zikafika. Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Mzee Mbaruku akakaa, akapiga saba, na mkono wake ukaongeza la nane. Akasimama. Akajifuta jasho, akaanza tena. La nane likaja tena. Wanawake waliokuwa wanapiga makofi nao walikuwa wanalipiga, bila kujua, maana walikuwa wamelisikia mwaka mzima. Akajaribu mpaka jua likazama. Bi Siwema akakaa na shuka lake kichwani anasubiri, na Mgeni hakuja. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni pangu. Nilijua. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Ndiyo ikaja hiyo Jumapili. Watu wote wa nyumba walikuwa wamejilaza kwa joto, mie niko uani peke yangu nakaza nyuzi, maana saa tisa tulikuwa na dansi Ilala. Nikasikia hatua kichochoroni. Saba za haraka, kisha kitu kikaburutwa. Saba, kisha kikaburutwa. Ulikuwa mwendo wa besi yangu mwenyewe, unatembea. Nikadhani ni mwenzangu wa bendi ananitania.

Akatokea mtu mzima, umri wa mjomba wangu, amevaa msuli wa buluu na shati jeupe, safi kabisa. Uso wake siwezi kukueleza. Haukuwa wa kutisha, ila kila nilipouondolea macho niliusahau. Nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia. Wewe umewahi kumwona mtu mzima wa Dar es Salaam asiitikie shikamoo? Hapo nikaiweka besi chini.

"Wewe ndiye seremala," akasema.

"Ndiye."

"Umeniongezea mguu."

Akatembea mbele yangu, kutoka kizingitini mpaka kwenye mtungi wa maji. Niliona miguu miwili tu, kama yako na yangu. Lakini Bi Siwema alikuwa ameufagia ule ua asubuhi, mchanga uko laini, na kwenye mchanga kulikuwa na nyayo saba na pembeni yake mfuo mrefu, kama wa kitu kizito kilichokokotwa. Hakuna mguu niliouona ukiuchora.

"Niondolee huu," akasema.

Nikachukua besi. Nikapiga saba, na mkono ukaongeza la nane. Nikajaribu tena polepole, nikihesabu kwa mdomo, na ulipofika mwisho mkono ukashuka wenyewe kwenye ule uzi mnene. Mara tano, mara sita. Kila nilipoanza, aliinua unyayo akasubiri, na kila nilipokosea, aliushusha. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Wewe huwezi tena," akasema. "Mzee anaweza. Mwambie kabla hajagusa ngoma leo kwamba wewe ndiye uliyeongeza. Anadhani mkono wake umeharibika. Akijua kosa si lake, mkono utarudi."

Nikamwuliza, "Na asipoambiwa?"

"Nimeitwa, nitakuja. Nitakuja kama nilivyoitwa."

Akaondoka. Sikumwona akitoka kwenda barabarani. Nilisikia hatua zikiingia ukumbini mwa nyumba, saba na kuburuta, saba na kuburuta, mpaka kwenye mlango wa Bi Siwema, zikakoma hapo. Nikaenda kutazama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na mama anakoroma.

Mzee Mbaruku alikaa nyuma ya msikiti, mwendo wa kumaliza sigara moja. Nilivaa viatu. Wallahi nilivaa viatu niende, ingawa dini yangu si ya kuapa hivyo. Na hapo Dominiki akaingia na rukwama la kubebea besi.

"Twende, tumechelewa."

"Ngoja nipite kwa Mzee Mbaruku kidogo."

"Utapita tukirudi, bwana. Ukumbi umejaa."

Usimlaumu Dominiki, hakujua kitu. Ningesema neno moja angeningoja. Ukweli ni kwamba nilifurahi kupata sababu. Nilimcheka yule mzee mbele ya watu, nilimhesabia kwa vidole, sasa niende nikamwambie kosa lilikuwa langu? Nikajiambia nitapiga nyimbo mbili tatu kisha nikimbie, kwani mzee hupiga baada ya alasiri. Nikapakia besi.

Watu waliutaka ule wimbo mara nne. Mara ya tatu niliona jua linashuka dirishani. Mara ya nne niliwatazama, wanaume na wanawake, wote wanashusha mguu kwa pamoja kwenye pigo langu la nane, sakafu inatikisika, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Nilirudi wakati wa magharibi. Nilijua kabla sijafika, maana ngoma ilikuwa kimya. Bi Siwema alikuwa amelala kwenye mkeka, jirani anampepea. Yule jirani akaniambia Mgeni alikuja, lakini safari hii alicheza vibaya. Alikuwa anaburuta mguu mmoja, akacheza hivyo muda mrefu, mzee anataka kuacha na hawezi kuacha, mpaka mama akaanguka. Alipoamka, ule mguu haukuamka naye.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Mbaruku. Nilikwenda kusema, nataka ujue hivyo. Nilimkuta ameifunika ngoma gunia. Akaniambia, "Mkono umezeeka, kijana. Wewe ulinionya." Hapo ndipo mtu mwenye moyo angesema. Mie nilisema, "Pole, Mzee." Hakupiga tena mpaka alipokufa.

Na Bi Siwema hakwenda tena Ilala kwa miguu yake. Aliweza kutoka chumbani mpaka uani, mkono ukutani, mguu unakuja nyuma. Vitumbua alipika, na mie ndiye niliyembebea kapu kila alfajiri kabla ya kazi. Miaka tisa. Mtaa mzima ulinisifu. Yeye mwenyewe akinipa kapu alikuwa akisema, "Mungu akulipe, mwanangu. Nisingekuwa na wewe ningekuwaje?" Nilibeba lile kapu na hayo maneno, na maneno yalikuwa mazito zaidi.

Bendi niliiacha. Ule wimbo haukuniacha. Nikiwa peke yangu nagonga meza kwa vidole, saba tu, saba tu, nione kama nitaweza. Sijaweza. Nimezeeka sasa na bado mkono unaongeza.

Wewe unayejifunza besi, jifunze noti. Sikukatazi. Ongeza nyuzi, pigilia misumari, fanya unavyotaka na sanduku lako. Lakini ukikuta kitu cha watu kimekaa kwa namna ambayo hesabu zako zinakikataa, uliza kwanza ni cha nani. Na kama umeshakiharibu, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho utaona haya zaidi ya leo.

Nasema hivi kwa kuwa kila Alhamisi jioni Bi Siwema alikuwa akifukiza ubani chumbani kwake. Nilisikia harufu, kisha sauti yake, taratibu, anamwuliza Mgeni wake: "Nimekukosea wapi, bwana wangu? Niambie nijue, niombe radhi." Alisubiri, kisha akauliza tena. Ukuta kati yetu ulikuwa wa fito na udongo. Ningeweza kumjibu bila hata kupaza sauti. Nililala chali nikamsikiliza, kila Alhamisi, mpaka tulipomzika.