Kutua Si Kumwaga

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, na kama ningeweza ningeisahau. Ilikuwa Jumamosi alasiri, pale Mkunya, nami nimesimama kando ya shimo la taka nyuma ya nyumba za walimu, nikichoma madaftari manne. Karatasi za daftari haziungui upesi kama watu wanavyodhani. Zinajikunja kwanza, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba yupo mtu asiyeonekana anayezisoma kwa mara ya mwisho. Nilisimama mpaka zikaisha. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kumdanganya mgonjwa.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ujumbe wako wa juzi. Umeniambia kwamba riwaya yako ya fantasia, ile uliyoitoa mwenyewe bila mchapishaji, imesomwa na watu wachache, na kwamba mmoja wa hao wachache amekucheka mbele za watu. Sehemu ya pili unataka kuifuta yote kwenye simu. Umeniuliza kama una kipaji. Sijui, mwanangu. Sijui hata kama mimi ninacho, na nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Ninachokijua vizuri ni ile Jumamosi.

Nilikuwa binti wa Masasi, mwalimu mpya, nimepangiwa shule hiyo ya Mkunya, huku juu Newala. Bomba la maji lilikuwepo, lakini lilikuwa kama mgeni wa heshima: lilikuja likitaka lenyewe. Likikaa wiki mbili bila kuja, wanawake walishuka bondeni alfajiri na ndoo zao, wakapanda nazo kichwani juu ya kata za kanga. Nami nilishuka nao mara moja. Nilipanda nikilia kwa ndani, na nusu ya maji yangu yaliishia mgongoni. Ila siku ile niliona jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Katikati ya kile kipandio pana jiwe pana, limelainika kama kiti cha zamani. Mwanamke akichoka anatua ndoo pale, anakaa. Kuitua anaweza mwenyewe kwa kuinama taratibu. Kuirudisha kichwani hawezi, ndoo imejaa na njia ni nyembamba. Kwa hiyo anasubiri. Yeyote atakayetokea nyuma yake, awe rafiki au mtu aliyegombana naye jana, lazima asimame amtwike. Hapiti mtu pale bila kutwika. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeiandika.

Hadithi yangu ilizaliwa kwenye kipandio kile. Niliwaza: mito ya juu hapa ilikwenda wapi? Nikabuni nchi iliyo chini ya bonde, ambako mito yote iliyoikimbia nchi ya juu imekusanywa na malkia mmoja kwenye ungo wake. Binti aitwaye Chiku anashuka, anaomba mto mmoja, anapewa ndani ya mtungi. Masharti ni haya: aupande mwinuko mpaka juu bila kumwaga hata tone, naye njiani ataitwa na vivuli vyenye sauti ya marehemu mama yake. Akifika juu, chemchemi zitafumuka. Ilijaza madaftari saba. Ndizo hadithi za njozi ambazo ninyi leo mnaziita fantasia. Sisi hatukuwa na jina lake, tulikuwa na aibu yake tu.

Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa Bi Somoe, mama yake jirani yangu Mama Hamisi. Bibi huyu aliteleza kwenye njia ileile ya bondeni, akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kulala kwenye kitanda cha kamba barazani. Kila Jumamosi nilikwenda kumsomea, huku Mama Hamisi akimenya mihogo ya kuanika makopa. Siku ya kwanza bibi alinionya kwamba hadithi haisimuliwi mchana, anayesimulia mchana huota mkia.

"Lakini hiyo yako imeandikwa," akasema baada ya kufikiri. "Basi mkia utaota hilo daftari. Haya, soma."

Nilisoma. Naye alisikiliza kwa shingo, mwanangu. Chiku akipanda, shingo ya bibi inakaza. Chiku akiyumba, mkono wa bibi unanyanyuka kushika kitu ambacho hakipo kichwani pake.

"Mwambie asitazame chini," aliniambia siku moja. "Ukitazama chini kata inahama."

"Mama, Chiku hakusikii," Mama Hamisi akasema.

"Wewe menya mihogo."

Nilimaliza kumsomea daftari la sita, Chiku akiwa ameuvuka mwinuko kwa zaidi ya nusu. La saba, lenye mwisho, nilisema nitalileta Jumamosi itakayofuata.

Wiki ile ndiyo mambo yaliponiangukia. Mswada wa madaftari matatu ya kwanza nilikuwa nimeupeleka kwa mchapishaji Dar es Salaam mwaka mzima nyuma, na jibu likaja kwa barua fupi: hadithi za kitoto za majini hazina nafasi, andika mambo ya jamii. Nilijikaza. Nilikuwa nimekwisha kuamua kujichapishia, na madaftari hayo matatu yalikuwa yamechapwa kwa taipureta na kudurufiwa pale Masasi mjini, nikavishona vitabu mwenyewe kwa uzi wa kushonea viatu. Nikakaa navyo siku nzima ya mnada, pembeni ya muuza mitumba. Watu walivigeuza, wakavirudisha. Mmoja aliniuliza kama ndani kuna dawa ya mvuto. Muuza mitumba alinihurumia, akachukua kimoja, na kabla jua halijatua nikamwona amekiweka chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikicheza.

Hilo nalo nililimeza. Kilichonimaliza ni kalamu nyekundu. Nilimpa kitabu kimoja mwalimu mwenzangu wa hisabati, mtu wa mikoa ya bara, mcheshi, asiye na roho mbaya hata kidogo. Ijumaa alikirudisha mbele ya walimu wote ofisini. Alikuwa amekisahihisha kama daftari la mwanafunzi, na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika: sita kwa ishirini, jitahidi.

"Mwalimu," akasema, "wilaya nzima inalia maji, na wewe unaandika maji ya kubuni. Si umwandikie mkuu wa wilaya atuchimbie kisima cha kubuni?"

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka. Hapo ndipo penye sumu, mwanangu, si katika kicheko chao, bali katika changu. Maana nilipocheka nilikuwa nimekubaliana nao. Usiku kucha nilijirudia ile sita. Niliwaza mwalimu huyu ana haki: watu wana kiu ya kweli, mimi nawapelekea mtungi wa maneno. Mkuu wa shule, kwa wema wake, alinikumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali ni tamu kwa mwenye koleo zima. Kesho yake nilichukua daftari la nne mpaka la saba, nikaenda shimoni.

Na sasa nifike mahali ambapo ningependa kusimama nisiendelee. Nilikwenda kwa Bi Somoe mikono mitupu, nikiwa nanuka moshi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Daftari liko wapi?"

"Nimelisahau. Nitakusimulia kwa mdomo."

Mwisho niliouandika nilikuwa nao kichwani, neno kwa neno. Chiku anafika. Kungenigharimu nini kuusema? Lakini nilimtazama bibi yule, uso wake umenielekea kama mmea unavyoelekea mwanga, nikamwonea hasira. Nilimwonea hasira kwa sababu aliamini. Nikasema, "Chiku alichoka, bibi. Aliona hakuna anayemngoja huko juu. Akaumwaga mtungi, akarudi kwao. Imekwisha."

Mama Hamisi aliacha kumenya.

"Alikuwa amebakiza hatua ngapi?" Bi Somoe akauliza.

"Sijui, bibi."

"Umemwandika mwenyewe, hujui?"

Bibi akavuta kanga yake mpaka kidevuni.

"Mimi njia ile nimeipanda tangu sijaota maziwa mpaka iliponivunja," akasema, taratibu, bila kunigombeza. "Nimepanda na mimba. Nimepanda siku ya pili ya msiba wa mume wangu. Nimetua pale jiweni mara ambazo siwezi kuhesabu, nimekaa nikalia. Sijamwona mwanamke aliyemwaga. Anayechoka anatua, mwalimu. Kutua si kumwaga. Anatua, anasubiri wa kumtwika. Wewe leo umesema uongo, sijui kwa nini, na sikuulizi. Lakini uchungu wako ungeutua chini. Umekuja kuumwaga juu yangu."

Kisha akageukia ukutani. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Hasira hasara, wanasema, lakini aibu hukawia kulipwa kuliko hasira. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilijiambia nitakwenda nikishauandika upya ule mwisho, niupeleke kwenye karatasi nzuri, niombe radhi. Kila nikishika kalamu naiona nyekundu. Jumamosi ya pili sikwenda. Ya tatu mvua ilinyesha, nikashukuru kupata sababu. Ya nne nilisikia vilio asubuhi, na nilijua ni nyumba ipi kabla sijafika.

Baada ya arobaini Mama Hamisi alinikuta kwenye foleni ya bomba. Hakuwa na kinyongo, na hilo lilinichoma zaidi. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa akiwasimulia hadithi ya Chiku wote waliokuja kumjulia hali, kwa Kimakonde, na kwamba mwisho wangu aliukataa kabisa. "Alisema mwalimu siku ile hakuwa vizuri. Chiku hajamwaga. Ametua pale jiweni, anasubiri wa kumtwika."

"Halafu?" nikauliza.

"Hakuna halafu. Aliishia hapo. Kila Jumamosi akisikia hodi anauliza: ni mwalimu?"

Tulisogea kwenye foleni, kila mmoja na ndoo yake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Mimi nilidhani mzigo ule ni wangu peke yangu, na kwamba nikiumwaga nitakuwa nimejimwagia mwenyewe. Kumbe alikuwepo mtu ameutwaa kichwani pamoja nami, mtu asiyeweza hata kuketi, ambaye kila Jumamosi alipanda kipandio kile kwa miguu ya Chiku kwa kuwa yake haikuweza tena. Nami nilimwacha jiweni. Mtu wa kuja nyuma yake alikuwa mimi.

Usingoje nikuambie kwamba baadaye kitabu kilipata sifa. Hakikupata. Nimeuandika upya ule mwisho mara tatu katika maisha yangu, na maneno yale ya kwanza hayakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na moto nao hautapiki. Yule mwalimu wa hisabati alihamishwa, na alipoaga alinishika mkono akaniuliza, "Yule binti wa mtungi alifika?" Alikuwa amekisoma, unaona. Alikisoma mpaka mwisho ndiyo maana akaweza kukisahihisha. Nilimwambia bado yuko njiani. Mpaka leo, ninapokuandikia, yuko njiani. Zipo asubuhi naamka nikiwa na hakika kwamba ile sita kwa ishirini ilikuwa ya haki, na nyingine kwamba ilikuwa ya upendeleo. Mashaka hayazeeki. Wewe utazeeka, yenyewe yatakuja kukuamkia na meno yote kinywani.

Basi sikiliza, maana nimechoka na wewe umechoka. Usihukumu kazi yako siku unayoumwa nayo, na usiimalizie hadithi kwa uchungu wa jana. Kama shingo haiwezi tena, tua. Weka simu kabatini, kalime, kaokote korosho, lia pale jiweni mwezi au mwaka, hakuna atakayekuhesabia. Lakini usifute. Na ukiwa umetua, usione haya kusema kwamba umetua, kama ulivyoniandikia juzi, kwa maana anayejificha na ndoo yake vichakani hapati wa kumtwika. Na yule msomaji wako mmoja aliyekuuliza sehemu ya pili inatoka lini, yule uliyemtaja kwenye ujumbe wako kama vile mtu mmoja si kitu: mjibu. Kama huna cha kumpa, mjibu kwamba huna. Mjibu leo, kabla ya Jumamosi.

Sehemu yako ya pili nitumie. Siahidi kwamba ni nzuri, wala kwamba macho yangu yatafika mwisho. Nitasimama tu nyuma yako, nikutwike.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie kata kichwani, akukaze shingo, na kila utakapotua, asikuache jiweni peke yako mpaka jua lizame; akuletee hatua za mtu njiani, hata kama ni za mtu mzee, mchovu, aliyechelewa mara moja na hataki kuchelewa tena.