Chapati za Mama Baada ya Upasuaji

Kwa miaka mingi nililala nimeegemea mito, karibu kuketi, nikikohoa usiku kucha. Kazi yangu ni kuweka vigae, na fundi wa vigae hushinda amepiga magoti, uso ukitazama sakafu. Kila nilipoinama, asidi ilipanda kutoka tumboni ikaniunguza kooni. Vidonge vilinituliza, kisha vikaacha. Mwishowe daktari akanieleza kwamba mlango ulio juu ya tumbo umelegea. Angechukua sehemu ya tumbo lenyewe aizungushe hapo na kuishona, ili mlango ukazike.

Mke wangu alinitazama. "Kama utalala kama watu, twende."

Nilirudi nyumbani, mtaani Umoja, Nairobi, na mishono midogo tumboni, na siku hiyohiyo nikalala chali kando yake. Sikukohoa hata kidogo. Yeye ndiye aliyekosa usingizi. Asubuhi alikiri kwamba alikuwa akiniwekea mkono kifuani kila mara kuona kama napumua, kwa sababu hakuwa amezoea kimya changu.

Lakini mlango uliokazwa haukuzuia asidi peke yake. Chakula nacho kilipita kwa shida. Nikawa mtu wa uji mwepesi, supu iliyochujwa, baadaye viazi vya kuponda. Kucheua sikuweza, hivyo gesi ilinijaa nikavimba. Binti yetu mdogo aliniwekea sikio tumboni akauliza kama ni mtoto wa kike. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, nami nikamwomba asinichekeshe, nilikuwa naumia.

Nilipopata nguvu, nilienda mtaa wa Mbotela kumwona mama. Alijua nimepasuliwa, lakini kwake yeye mtu aliyepona hujulikana kwa sahani. Alikuwa amepika chapati na nyama ya mbuzi, akaniwekea rundo.

"Kula, baba. Umekonda."

Sikutaka kumvunja moyo. Nikakata kipande cha chapati, nikatafuna, nikameza. Kikakwama katikati ya kifua kama ngumi. Mate yakanijaa mdomoni. Nikasimama, nikatoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, nikainama nikisubiri kishuke. Maji nisingeweza kunywa. Yangekaa juu yake tu.

Mama alinifuata na leso yake mkononi. Alinisugua mgongo polepole, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo na kifua kikinibana, hadi kipande kile kikapita.

"Ni chakula changu?" akauliza.

"Hapana, mama. Wamenikaza hapa juu. Chakula kigumu bado hakipiti. Ningekuambia mapema, lakini nilinusa zile chapati nikashindwa."

Aliinua sahani yangu akaingia jikoni. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Aliporudi, alikuwa na bakuli dogo la viazi vilivyopondwa kwa mchuzi wa mbuzi, laini kabisa, na kijiko cha chai. Akajipakulia vivyo hivyo.

"Mama, wewe kula chapati."

"Nitakula wapi na wewe unaniangalia hivyo?"

Tukala. Kijiko kidogo, kutulia, kijiko kingine. Nilikuwa nimezoea kumaliza sahani upesi na kuaga kabla kiungulia hakijaanza, ili asinione nikihangaika. Siku hiyo hakukuwa na pa kukimbilia. Bakuli lilikuwa bado na nusu yake mama aliposema, bila kuniangalia, "Mimi nilifikiri hupendi kukaa hapa. Ulikuwa unakula ukiangalia mlango."

Nikamshika mkono.

"Ni tumbo, mama. Lilikuwa tumbo tu."

"Basi kula polepole," akasema. "Mimi sina pa kwenda."

Na ndipo akaanza kunisimulia jinsi alivyofika Nairobi akiwa msichana, akapata kazi ya kushona sare za shule, na jinsi baba, aliyekuwa seremala karibu na hapo, alivyokuwa akileta suruali ambayo haijachanika ili ishonwe. Hadithi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Baba alikufa nikiwa bado mwanafunzi, na mimi siku zote nilikuwa mtu wa kuondoka.

Siku hizi nainama kuweka vigae na koo langu limetulia. Nyama bado naitafuna hadi wenzangu wachoke kunisubiri, na kwenye harusi naonekana mwenye maringo kwa kula kidogo. Tumbo hunivimba mara kwa mara. Chapati nimezirudia, vipande vidogo vilivyolowa mchuzi. Mtu akiniuliza kama upasuaji ule ulinifaa, humwambia kwamba Jumapili naenda kula kwa mama, na kwamba tukianza saa saba, jua hutuacha tukiwa bado mezani.