Niliazima Watoto, Nikamzika Kaka Yangu Akiwa Hai

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukadhani nina wa kumsukumia. Wafadhili hawakunilazimisha, njaa haikunisukuma, na shetani naye mwacheni apumzike. Ni mdomo wangu mwenyewe, jamani! Mdomo huu huu ninaosalia.

Mimi ni mama wa makamo, nauza vitenge Bondeni, hapa Kyela mjini. Wanaonifahamu watanitambua tu, lakini jina langu niachie. Nakuambia wewe kwa sababu nimechoka kulibeba hili jambo peke yangu.

Wazazi wetu walipofariki waliacha nyumba kule Ikolo, na migomba nyuma yake. Tulibaki wawili, mimi na kaka yangu Ambokile. Yeye ni mkulima wa kakao na mpunga, kwake na hiyo nyumba ni pua na mdomo. Siku moja nikamwambia nataka nyumba ya wazazi iwe mahali pa kuwalisha yatima wa kijijini wakitoka shule, na mtu wa kuwasimamia masomo awepo. Kaka akasema, "Dada, hilo ni jema. Mchele wa kuanzia natoa mimi." Na akautoa kweli, ule wetu wa Kyela, ukiinjikwa huku wanajua hadi mtaa wa pili.

Watoto walikuwa saba. Naomba uishike hiyo saba.

Nikafuatilia usajili. Njoo kesho, njoo Jumatatu, bwana mkubwa yuko kwenye kikao, mpaka soli za viatu zikaisha. Hatimaye shirika likasajiliwa na mimi nikaanza kuitwa Mkurugenzi. Loo! Kichwa kikavimba. Nikashona suti ya kitenge. Nikanunua na begi la kompyuta, na kompyuta yenyewe sina.

Rafiki yangu niliyesoma naye akaniunganisha na kikundi cha wazungu wanaosaidia watoto. Wakataka tuonane kwa simu ya video. Siku hiyo nilikuwa nimepika wali na samaki wa ziwani, na harufu ikawa imewaita watoto wa majirani wote. Uani pamejaa, wengine hata kwao wameshakula! Mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, akashika mdomo akauliza, "Wote hawa ni yatima?"

Ningesema hapana. Ningesema ni saba tu, hawa wengine wamefuata wali. Wangecheka, tungecheka wote. Mimi nikasema, "Ndiyo, wote."

Basi vitu vikaanza kuja. Madaftari, sare, magodoro, na fedha za chakula. Sikula hata senti, hilo nakuapia, lakini usinipongeze. Niliuzoea ule uongo mpaka nikawa nausema bila kumeza mate. Halafu wakaniandikia kwamba wanakuja kuwaona watoto.

Weee! Nilikosa usingizi.

Unajua tunavyoazimana viti kukiwa na sherehe? Ndivyo nilivyoazima watoto. Nilipita kwa majirani: naomba wanao Jumamosi, kuna wageni, kuna pilau na soda. Nani akatae? Hakuna niliyemwambia kwamba mwanawe ataitwa yatima. Na kwa kaka yangu nikamwazima binti yake, Bupe, yuko darasa la nne, mtoto anaongea kama redio. Nilitaka yeye ndiye asimame mbele ya wageni.

Nikamvuta pembeni. "Ukiulizwa, sema baba yako Ambokile alifariki."

Akanitazama. "Lakini shangazi, tata yuko shambani." Huku kwetu baba ndiye tata.

"Najua. Ni kama igizo la shuleni. Leo tu. Na usimwambie mtu."

Mtoto wa watu akaitikia. Mimi ni shangazi yake, angekataaje? Na mimi nimezaliwa hapa, najua kabisa kwamba kwetu mtu hatamkiwi kifo hata kwa utani.

Wageni wakafika. Ngoma, nyimbo, soda. Bupe akasimama, akasema maneno yote niliyomfundisha, mmoja wao anarekodi na simu, mimi natafsiri. Yule mama mtu mzima machozi yakamtoka. Akanishika mkono akaniomba kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo. Alitaka kuweka maua kwenye kaburi la baba yake Bupe.

Nikaganda. Kwetu tunazika nyumbani, migombani, na wageni walishaliona kaburi nyuma ya nyumba. Ni la baba yetu mimi na Ambokile. Msalaba wake mvua zimeufuta, limebaki jina la ukoo tu, lile lile la Bupe. Nikajiambia, watajuaje?

Nikawaongoza. Mimi mwenyewe! Nilitembea mbele yao hadi kwenye kaburi la baba yangu nikasema hapa ndipo alipolala baba wa mtoto huyu. Yule mama akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, akaweka maua, akamkumbatia Bupe. Bupe akaanza kulia, analia kweli. Nadhani aliogopa.

Tukiwa hapo, nikasikia kengele ya baiskeli.

Ni Ambokile. Alikuwa amesikia wageni wa dada yake wamefika, akaona aibu waondoke mikono mitupu. Amefunga mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli, amevaa shati lake la kanisani. Anakuja anatabasamu. Akamwona binti yake analia, akaiangusha baiskeli.

"Bupe, una nini?"

Yule mama alikuwa na Kiswahili cha kubahatisha. Akamuuliza mtoto, "Huyu nani?"

Bupe alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Ni baba mdogo."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto alikuwa ananilinda. Nilimwambia asimwambie mtu, na yeye hakumwambia mtu, hata baba yake aliyesimama mbele yake.

Kaka akamwangalia mwanawe. Akayaangalia maua kwenye kaburi la baba yetu. Akaniangalia mimi, na mimi nikainamisha macho. Alielewa. Angeweza kuniumbua palepale, na ilikuwa haki yake. Badala yake alisema taratibu, "Ndiyo. Mimi ni baba mdogo wake." Akawapa wageni mkono mmoja mmoja, "Ndaga, ndaga," akiwashukuru kwa kuja. Akaufungua ule mkungu, akaulaza chini, akaondoka. Hata soda hakunywa.

Jioni nilimfuata kwake. Alikuwa anageuza kakao kwenye mikeka. Aliuliza tu, "Dada, ulikosa mtu mwingine wa kumuua?"

Ningekuwa na akili ningeungama siku ile. Nikanyamaza, nikidhani yameisha. Kumbe ile video wageni waliiweka mtandaoni! Ikazunguka, ikaingia kwenye simu za ndugu zetu, Bupe anasema waziwazi, kwa Kiswahili, baba yangu Ambokile alifariki.

Shangazi yetu wa Tukuyu hakumpigia mtu simu. Alipanda gari na wanawake wa huko, wamejifunga kanga kiunoni, na kilio walianza kule barabarani, kama kawaida ya msiba wetu. Majirani wakatoka mbio. Wengine wakaanza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani. Ambokile akatokea shambani, mikono imejaa utelezi wa kakao, anauliza, "Jamani, nani kafa?"

Shangazi alianguka chini. Tulimmwagia maji.

Ukoo ukakaa kikao. Nilisema yote, mbele ya watu wote, na kaka ameinama. Baba mkubwa hakunigombeza. Alisema, "Msiba tunautangaza nyumba kwa nyumba. Huu umeutangaza wewe. Basi upite wewe, nyumba kwa nyumba, uufute."

Nikapita. Ikolo yote, kwa miguu, na jua lile la Kyela. Hodi. Ugonile, ndiyo salamu yetu. "Nimekuja kusema kaka yangu yu hai. Mimi ndiye niliyesema amekufa." Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walinipa kigoda wakanionea huruma, na hao ndio walioniumiza zaidi. Wazazi niliowaazima watoto hawakunikaribisha. Mmoja alinifungia mlango usoni.

Wafadhili nao niliwaandikia ukweli. Walijibu kwa upole, wakajitoa. Sikuwalaumu.

Na wale saba? Nilijaribu kuwapikia kwa faida ya vitenge, nikashindwa, nikafunga. Mmoja wao alinikuta sokoni akanisalimia kwa adabu, halafu akauliza, "Shangazi, mimi baba yangu alikufa kweli. Mbona na sisi tumefungiwa?" Nilimpa zile nyanya nilizokuwa nimenunua, nikaondoka.

Kaka amenisamehe. Anasema hivyo, na namwamini. Ila nikienda kwake nikapiga hodi, Bupe haniamkii kwanza. Anakimbilia alipo baba yake, anamshika shati, ndipo anasema shikamoo. Wiki iliyopita kaka alimwambia, "Niachie, mwanangu, umsalimie shangazi vizuri."

Bupe akazidi kulikaza lile shati. "Nikikuachia atasema tena umekufa."

Wewe unayetaka kuanzisha shirika, anzisha. Watu wanahitaji. Ila kama una watoto saba, sema saba. Wakikuambia ni wachache, waambie ndio hao hao, na wali wao uko jikoni. Mimi nilikuwa na saba na kaka mmoja. Sasa ile nyumba imefungwa, na kila nikienda Ikolo nambembeleza mtoto wa kaka yangu aamini kwamba sijaja kumwua baba yake.