Waheshimiwa Wakija Ilford Kuuliza Nani Alitangulia

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nikiwa naendesha gari, hujikuta nimepitiliza njia yangu. Mwanangu, nikueleze mapema, maana uchaguzi wa kwetu unakaribia tena na waheshimiwa wameanza kupanda ndege kuja kututafuta.

Mimi unanijua. Shule niliiachia darasa la sita, lakini leo kampuni ya usafi ni yangu, magari matano yana jina langu ubavuni, na wenye digrii huniuliza waanzie wapi. Wakati ule nilikuwa ndio kwanza nimenunua gari la pili, na kichwa kilikuwa kimevimba kuliko sasa. Ndiyo, kuliko sasa.

Mheshimiwa mmoja aliyetaka ugavana akaja hapa hapa Ilford, London. Akanikalisha meza ya mbele, akaniita nguzo ya jamii. Msaidizi wake akanielekezea simu, akaniomba nieleze historia ya mji wetu wa mpakani: nani alitangulia, nani mgeni. Historia yenyewe niliiokota vibarazani. Lakini nilisimama, nikasema watu wa ukoo wa kina Halima walivuka mpaka juzi tu, wakifuata ngamia wa watu. Ukumbi ukacheka. Nikapigiwa makofi, nikayapenda.

Halima ni yule anayetunza wazee pale mtaa wa Seven Kings. Siku hiyo alikuwa kazini. Miezi miwili baadaye mdogo wake wa kike kule nyumbani alikwenda kuomba kitambulisho. Kwetu mpakani kijana hapewi hivi hivi kama wa Nairobi. Husimama kwanza mbele ya kamati ya wazee, aulizwe ukoo wake. Wale wazee wakamchezea video yangu, ile aliyoirekodi msaidizi. Mtu mkubwa wa London ameshasema ni wageni, nani abishe? Binti akarudishwa. Bila kitambulisho, nafasi yake ya chuo cha uuguzi ikaenda kwa mwingine.

Aliyekuja kwangu ni Mzee Adan, zamani karani wa chifu wetu, ambaye sasa yuko hapa London. Alikataa hata kuketi. Nikaanza kujitetea kwamba ule ulikuwa mzaha. Akanikatiza.

"Baba yako alipofuata kipande chake cha kitambulisho, hapakuwa na aliyemjua. Alikuwa amevuka na mbuzi wanne. Aliyesimama akasema 'huyu ni wetu' ni babu yake Halima. Karani aliyeandika ni mimi."

Kesho yake nilijirekodi upya, nikamtaja baba, na mbuzi wake, na aliyemdhamini, nikaituma video hiyo kwa kamati. Yule mheshimiwa nilipompigia amsaidie binti, hakupokea simu yangu tena. Ugavana aliupata. Binti alipata kitambulisho mwaka uliofuata, chuo hakukipata. Halima hunisalimu, lakini mlango wangu hajauvuka.

Kwa hiyo, mwanangu, mkubwa akikusifu mbele za watu, mtazame msaidizi wake ameshika nini mkononi. Akikuuliza nani mwenyeji na nani mgeni, jiulize ni mtoto wa nani atakayenyimwa karatasi kwa jibu lako. Na usipojua, sema hujui. Mimi neno hilo limenichelewea sana.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu wa aina hiyo wakiwa bado mlangoni, na ulimi wako usimfungie mtu njia ya kwao. Amina.